Naomba ushauri: drili ya betri ya kumpa mzee wangu, 12V au 18V?

MtotoWaBusia
Wakuu, habari za jioni. Nataka kumnunulia baba drili ya betri. Ni seremala kwetu Busia, upande wa Uganda, na maisha yake yote ametumia keekee ya mkono. Nina laki tatu na nusu za Uganda. Madukani hapa Kampala naona 12V, 18V, na nyingine zimeandikwa 20V. Ipi ina nguvu zaidi? Jumapili naenda nyumbani na kichwa kimeshachanganyikiwa.

Mzee_wa_Mbale
Kijana, baba hali drili. Mpelekee sukari, sabuni na pesa ya dawa. Meza hii ninayoandikia niliitoboa kwa mkono nikiwa kijana kama wewe, na mpaka leo haijalegea mguu.

Juma_Jinja
Mimi shemeji aliniletea drili safi kutoka Marekani. Nikachomeka chaja ukutani, moshi. Kwao umeme ni 120V, kwetu 240V. Mashine nzima, betri nzima, chaja hakuna, hadi leo iko juu ya kabati. Soma maandishi ya chaja kabla hujatoa pesa. Kama imeandikwa 120V peke yake, iache hapohapo.

FundiNdeeba
18V na 20V zisikuumize kichwa, ni kitu kimoja. Ndani mna seli tano za lithiamu. Kila seli ikijaa kabisa inafika kama 4V, ikiingia kazini inakaa kwenye 3.6V. Mwenye kiwanda mmoja anahesabu ikiwa imejaa, mwingine anahesabu ya kazini. Zile za 12V zina seli tatu. Sasa nijibu: mzee anatoboa nini? Umri wake? Na kitu kizito anakishikaje?

MtotoWaBusia
Mbao, fundi. Vitanda, viti, milango, mvule ikipatikana. Umri ni sabini na kidogo. Mimi nimeipenda 18V yenye nyundo, betri kubwa ya 5Ah. Kusema kweli nimeshalipa kianzio.

FundiNdeeba
Nyundo ni ya ukuta wa tofali na zege, kwenye mbao huiwashi hata siku moja. Na swali la mwisho hujalijibu.

MamaTororo
Hata mimi nimeona ameliruka. Kaka, mzee ni mzima?

MtotoWaBusia
Mkono wa kulia hauna nguvu. Alipata kiharusi. Anatembea vizuri, anaongea vizuri, ila vidole havishiki sawasawa. Sikuliandika kwa sababu mwenyewe hapendi lizungumzwe, na humu kuna watu wa kwetu. Lakini ndiyo maana nataka yenye nguvu: mashine ifanye kazi yote, yeye aelekeze tu.

KalamuKali
Haya. Kwanza baba seremala. Tukauliza, kumbe kianzio kimeshalipwa. Tukauliza tena, kumbe kiharusi. Tukiuliza mara nyingine tutaambiwa haoni! Huyu anauza drili, jamani. Ngojeni, namba ya duka iko njiani.

Juma_Jinja
Na mimi nimeanza kushuku. Mtu wa kiharusi anatoboaje mvule kwa keekee?

MtotoWaBusia
Nimetaja kampuni gani? Duka gani? Anatoboa hivi: kichwa cha keekee anakiweka kifuani, anakilalia kwa uzito wake wote, halafu anazungusha kwa mkono wa kushoto. Shati zake za kazi zote zimechakaa duara moja hapo kidarini. Skrubu anazipaka sabuni ya mche kwanza ili ziingie bila kumchosha. Ubao ukicheza anamwita mtoto wa jirani aukalie. Hamtaki kuamini, basi, lakini mzee wangu msimfanye tangazo.

FundiNdeeba
Kalamu, hilo halijatungwa. Sabuni kwenye skrubu na shati kuliwa kifuani, hayo anayajua aliyekulia kwenye karakana. Mimi mwalimu wangu alikuwa na alama hiyohiyo.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. 18V na betri kubwa unakaribia kilo mbili. 12V ni kama kilo moja, na atashika kwa mkono mmoja. Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii: biti ikikwama kwenye kifundo cha mti, isipozunguka yenyewe, mashine ndiyo inazunguka, na kiwiko na kifundo cha mkono vinasokotwa pamoja nayo. Nguvu ikizidi, na msokoto unazidi. Kwake huo mkono wa kushoto ndio pekee, usimvunjie. 12V inatoboa mvule kwa biti nyembamba kwanza, kisha skrubu inafuata njia. Ile pete yenye namba pale mbele aanze na namba ndogo, skrubu ikikaza yenyewe inaachia. Tafuta seti yenye betri mbili ndogo, umeme ukikatika anabaki na moja.

MtotoWaBusia
Lakini 12V si ndogo mno, fundi? Nataka aone mwanawe amemletea kitu cha maana. Na mwenye duka alisema kianzio hakirudi.

MamaTororo
Marehemu baba yangu alipopata kiharusi tulimletea redio kubwa, vitufe vigumu kama mawe. Akawa anakwenda kusikiliza taarifa ya habari kwa jirani. Nenda ukabadilishe, kaka.

Mzee_wa_Mbale
Mkono huo anafanyishwa mazoezi? Ulizia hospitali kabla ya hizo mashine.

MtotoWaBusia
Anafanya, mzee wangu, dada ndiye anamsimamia kila asubuhi. Fundi, nimempigia mwenye duka. Pesa hatoi, ila kubadilisha amekubali. Zipo mbili za 12V: moja ina raba kwenye mpini, nyingine ni plastiki tupu lakini betri zake ni kubwa kidogo.

FundiNdeeba
Ya raba. Mwambie afungue boksi, aweke betri zote mbili kwa zamu na aizungushe mbele yako. Na risiti aandike namba iliyoko kwenye mashine.