Ajira zikidorora Marekani, mwekezaji afurahi au aogope?

Wakuu, kila Marekani inapotoa takwimu za ajira, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hoja huwa ileile: ajira zikipungua, benki kuu yao, Fed, itashusha riba, riba ikishuka, hisa zitapanda, basi nunua. Mimi nasema huo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoliza watu.

Nusu ya kwanza naikubali. Riba za sokoni zikishuka, hatifungani (hati ya kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) ya zamani yenye riba nono hugombewa na bei yake hupanda. Kampuni nazo hukopa kwa nafuu.

Sasa tuangalie tarehe 1 Agosti 2025. Ajira mpya za Julai zilitangazwa 73,000 tu. Kilichoshtua zaidi ni marekebisho ya nyuma: Mei ikashushwa kutoka 144,000 hadi 19,000, Juni kutoka 147,000 hadi 14,000. Waajiri wengine huchelewa kujibu maswali ya ofisi ya takwimu, kwa hiyo hesabu ya kwanza hutoka majibu yote hayajafika. Ajira 258,000 zikafutika asubuhi moja! Hatifungani za serikali yao zikapanda bei, lakini hisa zikaanguka; S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilipoteza asilimia 1.6. Siku hiyohiyo Rais Trump akaamuru mkuu wa ofisi ya takwimu hizo, Erika McEntarfer, afukuzwe. Hilo liliniuma kuliko hata kuanguka kwa soko, maana takwimu ikishaingiliwa na siasa, mwekezaji mdogo ndiye anayebaki gizani.

Najua nitajibiwa: mbona Septemba ile Fed ilishusha riba na soko likapanda? Kweli lilipanda. Ila hata Septemba 2007 walishusha, kutoka asilimia 5.25 hadi 4.75. Oktoba S&P 500 ikafika kileleni, kisha ikaporomoka zaidi ya nusu hadi Machi 2009. Kwa hiyo tuulize kwanza riba inashushwa kwa nini. Kama mfumuko wa bei umetulia na watu bado wana kazi, kampuni zitaendelea kuuza. Kama watu wanaachishwa kazi, wateja watatoka wapi?

Na sisi tumo, maana riba ya Fed ikipanda, mkopo wa dola huwa ghali kwetu pia. Fed ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi kati ya 5.25 na 5.50 Julai 2023. Februari 2024 Kenya ikakopa dola bilioni 1.5 kwenye soko la nje, kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10, ili ipunguze deni la dola lililokuwa linaiva Juni. Mzigo ule unabebwa na mlipakodi.

Msimamo wangu: sinunui hisa kwa takwimu ya mwezi mmoja. Nasubiri marekebisho ya miezi miwili inayofuata, hata kama nitakosa faida ya mwanzo. Wanaosema kusubiri ni kuchelewa, karibuni, nipingeni kwa hoja.