"KWA MUDA" bila kutaja muda gani: huu ujanja wa lugha ukome!

Wakuu, nimechoka, na leo sitapaka maneno mafuta.

Hivi ni nani aliyezifundisha ofisi kuandika "huduma imesitishwa kwa muda" kisha zikaweka nukta? Kwa muda wa nini? Wiki? Mwaka? Mpaka kiama? Muda ni kipande tu cha wakati, urefu wake lazima utajwe. Mtu akikwambia "nimekungoja kwa muda", anakulaumu kwa kukawia. Kijana akisema "nimefika muda", jua kafika kitambo. Neno hilohilo likibandikwa mlangoni eti ghafla linamaanisha "vumilieni kidogo tu". Wanajua wanachofanya: wewe unasoma siku chache, wao hawajaahidi chochote.

Kwenye ajira ndiyo usiseme. Mkataba wa muda maalumu nauelewa, una tarehe ya kuanza na ya kuisha, hata mkigombana kuna pa kushika. Lakini huu wa "wewe ni wa muda" ambapo unafanya kazi ileile ya wenzako, likizo huna, na ukiuliza lini utaisha unaonekana mkorofi? Mfanyakazi huyo amekuwa wa kudumu katika umuda wake!

Halafu wanachanganya kila kitu. Mpito ni kuvuka kwenda upande wa pili. Kama upande huo haupo, msiite mpito. Kaimu anashika nafasi mpaka mwenyewe arudi au ateuliwe mwingine. Siku hizi tuna makaimu wanaostaafia ukaimu.

Na msiniambie nakuza mambo. Katiba ya Muda ya Tanzania ya mwaka 1965 ilitumika hadi 1977. Kule Uingereza, waziri mkuu Robert Peel alirudisha kodi ya mapato mwaka 1842, akasema ni ya miaka mitatu. Watu wanakatwa mpaka leo. Na huyo alitaja miaka kabisa! Sasa hawa wasiotaja hata wiki?

Anayeandika "kwa muda" aongeze "hadi tarehe fulani". Kama hajui, aandike "hatujui lini", nitamheshimu zaidi. Na wewe unayejiandaa kuja kuniambia lugha inakua, njoo kwanza na tangazo moja la "kwa muda" lililoondolewa kwa wakati. Vinginevyo pita kimya.