Samaki gani anamtambua mwenye nyumba?

Ndugu zangu, niko Bukavu, tangi langu la kioo ni lita 80. Nataka samaki mwenye tabia, si pambo tu. Samaki aitwaye oskari atafaa?

— Hapana, yaya. Oskari hufika sentimita 30. Lita 80 ni gereza kwake. Tafuta Lamprologus ocellatus wa Ziwa Tanganyika. Ana sentimita 5 tu, lakini huzika mchangani kombe la konokono analoishi, abakize mdomo wa kombe wazi, kisha hushambulia kidole kinachokaribia! Mchanga laini sentimita 5, makombe matatu kwa kila samaki. Dume mmoja tu, majike wawili.

— Na pH (kipimo cha uchachu wa maji) 8 hadi 9, kipasha maji nyuzi 25. Umeme ukikatika usimlishe: mabaki huoza, hula hewa ya majini. Washa pampu ya betri.