Mesothelioma: kiwanda kilishafungwa, fidia inadaiwa kwa nani?

Mzee wetu amekutwa na mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu. Alikuwa akizungushia mabomba asbesto, nyuzi za kuzuia joto ambazo ndizo huleta ugonjwa huu. Kiwanda hakipo tena. Tuanzie wapi?

— Poleni. Tafuteni bima ya mwajiri ya miaka ile aliyofanya kazi, si ya leo. Marekani ipo mifuko maalumu ya fidia ya kampuni zilizofilisika.

— Ripoti ya biopsi (kipimo cha kipande cha nyama ya mwili) kwanza. Kupima maji ya kifuani pekee mara nyingi hakutoshi, na wakili wa upande wa pili huanzia hapohapo. Uingereza muda wa kudai ni miaka 3, kwa kawaida tangu ugonjwa ujulikane, kwani hujificha hata miaka 40.

— Mwandikisheni maelezo angali na nguvu: alikata nini, kwa msumeno gani, nani alikuwa pembeni. Wakisingizia sigara, haisababishi mesothelioma.