Kwa nini mlinganyo huu una majibu manne badala ya mawili?

Muulizaji, Tabora:
Walimu wangu, shikamoni. Ninajiandaa na mtihani wa taifa wa kidato cha sita, na katika kundi letu la kujisomea hapa Tabora tumeshindwa kukubaliana juu ya mlinganyo 2 sin x cos x = cos x, ambapo x ni kuanzia 0° hadi 360°. Mimi niligawanya pande zote kwa cos x, nikabaki na sin x = ½, nikapata 30° na 150°. Mwenzangu ana majibu manne, na yote yanakubali. Hayo mawili yamenipotea wapi?

Mwalimu, Ujiji:
Marahaba, kijana. Yamepotea pale pale ulipogawanya. Kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi, na cos x huwa sifuri x inapokuwa 90° au 270°, kwa hiyo ulipoifuta cos x ulizifuta na pembe hizo. Hamishia kila kitu upande mmoja, kisha toa kigawo cha shirika: cos x (2 sin x − 1) = 0. Hapo ama cos x ni sifuri, ama sin x ni ½, na majibu yanakuwa 30°, 90°, 150° na 270°. Kosa hili huwapata zaidi wanafunzi wazuri, maana ndio wapendao njia ya mkato.

Mchangiaji, Kasulu:
Kwa ruhusa ya Mwalimu, ipo pia hatari ya kupata majibu ya uongo. Katika sin x + cos x = 1, ukizidisha kila upande kwa wenyewe utafika kwenye sin 2x = 0, unaotoa 0°, 90°, 180°, 270° na 360°; lakini 180° na 270° ukizirudisha kwenye mlinganyo wa mwanzo zinatoa −1. Binafsi ningeandika upande wa kushoto kama √2 sin (x + 45°), nikapata 0°, 90° na 360° moja kwa moja.

Muulizaji, Tabora:
Nashukuru sana. Na sin 2x = ½? Ninapata 15° na 75° tu.

Mwalimu, Ujiji:
Panua mipaka kwanza. Ikiwa x inaishia 360°, basi 2x inaishia 720°, na pembe zake ni 30°, 150°, 390° na 510°. Zigawe zote kwa 2. Umesahau 195° na 255°.