Spika za gari kwenye ampli ya nyumbani: inazimika kila nikiwasha A na B

Mtoto wa Bagira
Wakubwa, naomba msaada. Marehemu baba aliniachia ampli ya stereo na bafle mbili za omu 8 (kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme). Miaka yote zimelia vizuri. Juzi nilinunua spika mbili za gari sokoni Kadutu, seremala akanichongea masanduku, nikazifunga kwenye matundu ya B, za baba zikiwa kwenye A. Sasa nikiwasha A na B pamoja, baada ya rumba mbili tu kifuniko kinaunguza mkono, relei (swichi ya ulinzi iliyo ndani) inapiga "tak", kimya. Fundi mmoja anasema wati hazitoshi, ninunue ampli kubwa. Hii ndiyo kumbukumbu ya baba niliyobaki nayo. Sitaki ife mikononi mwangu.

Fundi wa Kadutu
Mdogo wangu, usinunue kitu. Geuza ampli, soma maandishi yaliyo karibu na matundu ya spika.

Mtoto wa Bagira
Nimemulika na simu. A au B: omu 8 hadi 16. A+B: omu 16. Nyuma ya sumaku ya spika ya gari kuna 4. Nimezichomoa nikazipima kwa multimeta: ya baba 6.3, ya gari 3.4. Zimeharibika?

Fundi wa Kadutu
Ni nzima. Multimeta inapima waya wa koili kwa umeme wa betri. Muziki ni umeme wa kwenda na kurudi, na omu zake hupanda na kushuka kufuata noti. Spika ya 8 kusoma 6 na kitu ni kawaida.

Shida ni hii: A na B pamoja ni paraleli, yaani umeme unagawanyika kupita spika zote mbili kwa mpigo. 8 mara 4 ni 32, gawa kwa 12 (8 jumlisha 4), unapata omu 2.7 kila upande. Ampli yako haitaki kushuka chini ya 8. Ndiyo maana kwa A+B inadai 16, maana 16 mbili kwa paraleli ni 8. Wewe unaikamua mkondo mara tatu, transista zinachemka. Hiyo "tak" ndiyo inayoiokoa. Asikudanganye mtu kuikata.

Kwa leo, A peke yake. Ukipata mbili nyingine zinazofanana na za gari, funga mbili mbili kwa seri: hasi ya kwanza kwa chanya ya pili. 4 na 4 ni 8. Utapiga B, A ikiwa imezimwa.

Mama wa Muhumba
Fundi, na ya 8 pamoja na ya 4 kwa seri?

Fundi wa Kadutu
Mama, ni 12, ampli itavumilia. Ila ya 8 itakula nguvu mara mbili ya mwenzake, na besi italegea. Kwangu sifungi hivyo.

Mtoto wa Bagira
Nimezima B. Masaa mawili sasa inapiga, nimeweka kiganja juu ya kifuniko: vuguvugu tu. Aksanti sana, mukubwa.