Mtaa wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kuwa usharika: ombi linapelekwa wapi?

Mwanamtaa: Bwana Yesu asifiwe. Mtaa wetu, yaani tawi la usharika, unaongozwa na mwinjilisti, na mchungaji hutufikia kwa zamu kwa ajili ya ubatizo na Chakula cha Bwana. Wazee wanataka tuwe usharika kamili wenye mchungaji wake, na mmoja wao ameshauri tuandike barua moja kwa moja kwa makao makuu ya Kanisa, Arusha. Je, huo ndio utaratibu?

Katibu Mstaafu: Asifiwe sana. Arusha hawawezi kuwasaidia katika hilo, kwa kuwa sharika zimo mikononi mwa dayosisi. Kwa kawaida ombi huanzia kwenye baraza la wazee la usharika mama, likapitia kwa mkuu wa jimbo (sehemu ya dayosisi yenye sharika kadhaa), ndipo likafika kwenye halmashauri kuu ya dayosisi. Huko hawataangalia wingi wa watu siku ya Pasaka (siku hiyo kila mtaa hujaa), bali watataka kujua kama daftari la bahasha za ahadi linaonyesha kwamba mnaweza kumtunza mchungaji, nyumba yake ikiwamo, na bado mkapeleka fungu la dayosisi. Someni katiba ya dayosisi yenu, maana taratibu hutofautiana.

Msharika: Mzee wangu, ikiwa Kanisa ni moja na lina Mkuu wake, kwa nini kila dayosisi iwe na katiba yake?

Katibu Mstaafu: Kwa sababu sehemu zilitangulia Kanisa zima. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa 7 ya Kilutheri, yaliyokulia katika misioni mbalimbali, kama vile ya Leipzig kule Kilimanjaro na ya Berlin kule kusini, yaliungana huku kila moja likiwa tayari na uongozi na mali zake. Hata leo Mkuu wa Kanisa huchaguliwa miongoni mwa maaskofu wa dayosisi, naye huendelea kuongoza dayosisi yake. Askofu Malasusa, aliyechaguliwa mwaka 2023, ni wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Binafsi naupenda mfumo huu, ingawa dayosisi maskini huumia, kwa kuwa kila moja hubeba mzigo wake.

Mwanamtaa: Nashukuru. Na usharika mama ukikataa kutuachia, kwa kuhofia kupungukiwa sadaka?

Katibu Mstaafu: Hilo hutokea mara nyingi. Mwombeni mkuu wa jimbo akae na pande zote mbili, na hesabu za mtaa zisomwe mbele yao kabla ya ombi kupelekwa juu.